Watoto wakicheza makumbusho, wamejifunza nini?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa darasa la awali hapa Morogoro, nina watoto 43 wa miaka mitano na sita. Muhula ujao tunataka kuwapeleka Dar es Salaam, Makumbusho ya Taifa na Kijiji cha Makumbusho. Mwaka jana tulikwenda, wakapita kwa mstari mikono nyuma, na tuliporudi nikawauliza wameona nini. Wengi walinitajia basi na juisi. Safari hii nataka wacheze hukohuko, na nimeomba shule itoe shilingi 150,000 ninunue vichezeo vya kukuza ubunifu. Mwalimu mkuu anasema shule haikodi basi ili watoto wakacheze, kwani kucheza wanacheza hata hapa. Je, ni kweli vichezeo vinakuza ubunifu, au ni maneno ya wauza midoli? Na makumbusho yanahusikaje?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Usiwalaumu waliokutajia basi na juisi. Basi walilipanda, wakasikia honi yake, wakagombania dirisha. Juisi waliishika wenyewe, na bila shaka kuna waliojimwagia. Vitu vingine vyote siku ile waliambiwa wasiviguse, na mtoto wa miaka mitano kitu asichokigusa hakikai naye mpaka jioni. (Safari hii mkija kwa treni ya umeme, jiandae. Watakutajia treni.)

Mwalimu mkuu wako naye ana hoja, tena nzuri. Watoto wanacheza hata hapo shuleni, bila senti ya mtu. Na wewe una haki kuwatilia shaka wauza midoli. Siku hizi kila kidude cha plastiki chenye betri mbili kimeandikwa kwenye katoni kwamba kinakuza akili, na sijasikia aliyeandika hivyo akidaiwa ushahidi.

Wataalamu wenyewe wana tahadhari kuliko katoni. Mwaka 2013 Angeline Lillard, mwanasaikolojia wa Marekani, na wenzake walikusanya tafiti za miaka mingi kuhusu michezo ya kuigiza, ile ya "mimi mama, wewe baba, yule mgonjwa", wakazichambua moja baada ya nyingine. Upande wa ubunifu waliona ushahidi haujatosha kusema kwamba kuigiza ndiko kunakouzaa. Watoto wanaoigiza sana huweza kuwa wabunifu pia, lakini huenda yote mawili yanatokana na jambo la tatu, kwa mfano nyumba ambayo mtoto anasemeshwa na kuachiwa nafasi. Nakuambia hili mapema ili usije ukamwahidi mwalimu mkuu kwamba basi litaondoka na watoto na kurudi na wavumbuzi.

Kilicho wazi zaidi ni namna sisi watu wazima tunavyouzima udadisi wa mtoto, tena kwa nia njema kabisa, tukifundisha.

Mwaka 2011 Elizabeth Bonawitz na wenzake walichapisha jaribio walilofanya na watoto wa umri wa hao wako, ambao waliwapata katika makumbusho ya sayansi huko Marekani. Walitengeneza kichezeo cha mabomba ambacho mtoto hajawahi kukiona popote. Ukivuta bomba moja kutoka ndani ya jingine, kinalia. Mahali pengine kimefichwa taa, pengine muziki, pengine kioo. Mambo manne kwa jumla. Kwa kundi moja mtafiti alisema, "Hiki ni kichezeo changu, ngoja nikuonyeshe kinavyofanya kazi," akavuta bomba, kikalia. Kwa kundi jingine alijifanya ndiyo kwanza anakiona, akalivuta bomba kama kwa bahati, kikalia, akashangaa mwenyewe. Halafu mtoto akaachiwa acheze. Wale waliofundishwa walivuta bomba, kikalia, wakavuta tena, na wakachoka mapema. Wale walioshuhudia bahati walikaa nacho muda mrefu zaidi, wakakigeuza huku na huku, wakagundua mengi zaidi.

Usidhani waliofundishwa walikuwa wazito. Walipiga hesabu kama mtu mwenye akili zake: huyu ni mkubwa, kitu ni chake, amenionyesha jambo moja, basi jambo ni hilo moja. Imani yao kwa mwalimu ndiyo iliyowafunga.

Sasa rudi kwenye ule mstari wa mikono nyuma. "Hiki ni kinu, watoto. Zamani mabibi walikitumia kutwanga. Haya, twende mbele." Ni lile bomba lililolia mara moja.

Acha nikusimulie aibu yangu. Miaka ya nyuma, katika makumbusho moja nilikokuwa nikipokea wanafunzi, tulifanya onyesho la vichezeo vya kienyeji. Tulipata gari la waya zuri ajabu, lori lenye bodi ya bati la debe la mafuta, matairi yaliyokatwa kwenye kandambili, springi za mpira wa tyubu, na ule mti mrefu wa usukani unaomwezesha mtoto kuliendesha akiwa amesimama wima. Tukaliweka ndani ya kabati la kioo na kibao cha maelezo chenye mstari mmoja. Likaja darasa la tatu. Mvulana mmoja akabandika paji la uso kwenye kioo akaganda hapo, wenzake wamekwishaondoka. Nikamfuata nimrudishe kwenye mstari. Akaniambia bila kugeuka, "Hili halikati kona." Kwa nini? "Mmelifunga mbele."

Nikainama kuchungulia. Kweli bwana. Aliyelipanga, ili lisiteleze kwenye kioo, alikuwa ameizungushia ekseli ya mbele waya mwembamba akaikaza kwenye chesisi.

Kama hukukulia kwenye waya hutaona ubaya wake, kwa hiyo nikueleze. Mti wa usukani hushuka kutoka mikononi mwa mtoto, ukapita kwenye kitanzi usawa wa boneti, ukaungana na ekseli ya mbele katikati. Ekseli yenyewe haikazwi. Inakaa ndani ya kitanzi kilicholegea kiasi, ili mti ukizungushwa nayo igeuke. Ukikaza mno, gari linakwenda mbele tu kama mkokoteni. Ukilegeza mno, matairi yanapepesuka kila yakikuta kokoto. Kipimo cha ulegevu huo hakijaandikwa mahali. Mtoto anakipata kwa kufunga, kusukuma mpaka dukani, kufungua, kufunga upya, na kwenda kuchungulia la jirani, ambaye mara nyingi anakataa kuonyesha. Siku anapokipata, anakipata na mkono wake unakijua maisha yote. Sisi wenye vyeti tulichukua kile kitanzi, ndicho kilichokuwa na akili ya gari zima, tukakikaza ili gari lipendeze. Na hatukuweza kurekebisha siku ile. Ufunguo wa kabati alikuwa nao mtu aliyekwenda likizo.

Kutoka kwa mtoto yule nilijifunza kuuliza swali moja mbele ya kila kichezeo, cha dukani au cha jalalani: kimemwachia mtoto kazi gani? Mdoli unaoimba ukiubonyeza tumbo umemwachia kazi ya kubonyeza. Gunzi halijui hata kama lenyewe ni mdoli. Kwanza aliamue hivyo mtoto, kisha alitafutie uso, nguo, jina, na sababu ya kulia usiku. Kile unachokiita ubunifu kinatokea kwenye hiyo kazi iliyobakizwa. Kichezeo kisichobakiza kitu hakina pa kuukuzia.

Ndiyo maana hata wenye makumbusho makubwa wamefika mahali wakainama chini. Mjini Rochester, jimbo la New York, kuna makumbusho ya michezo yaitwayo The Strong. Yanatunza orodha ya heshima ya vichezeo, iliyoanzishwa mwaka 1998. Barbie yumo, Lego zimo, kama ungetegemea. Lakini mwaka 2005 waliingiza boksi tupu, mwaka 2008 kijiti, mwaka 2011 blanketi, na mwaka 2021 mchanga. Hebu fikiria watu wazima, suti na miwani, wamekaa kikao kwenye meza ndefu wakakipigia kura kijiti. Mimi nilicheka, halafu nikaona wamekuwa wakweli.

Kijiti kina wakili wake wa siku nyingi. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kirusi, alitoa mhadhara mwaka 1933 kuhusu mtoto anayepanda kijiti na kukiita farasi (wetu atakiita bodaboda, na atakipigia honi). Alieleza kwamba kijiti hapo ni egemeo. Mtoto mdogo hawezi bado kuwaza "farasi" akiwa mikono mitupu, neno na kitu kwake vimegandana. Kijiti kinamsaidia kulibandua neno kwenye kitu chake na kulipachika kwingine. Aliongeza jambo ambalo wengi hulisahau, kwamba si kila kitu kinafaa. Kadi ya posta haiwezi kuwa farasi, kwa sababu haipandiki. Kichezeo kizuri kiwe wazi, lakini mwili wa mtoto upate pa kushika.

Wala hayo hayakuanza na vitabu. British Museum, London, wana mnyama mdogo wa mbao aliyetoka Misri ya kale, paka au simba, mwenye umri wa zaidi ya miaka 3,000. Taya lake la chini limeungwa peke yake, na uzi unapita. Ukivuta uzi anafunga mdomo, ukiachia anaufungua. Aliyemchonga alifunga kila kitu akaacha taya. Anabweka, anakula, anapiga miayo, anamsengenya jirani? Hilo aliachiwa mtoto wa Kimisri. Siku hizi naye yuko nyuma ya kioo, na kwa umri ule ni haki yake apumzike.

Nikija kwenye makumbusho ya watoto hasa, la kwanza duniani lilifunguliwa Brooklyn, New York, mwaka 1899. London, kule Bethnal Green, kulikuwa na makumbusho ya utoto yaliyosifika kwa makabati yaliyojaa nyumba za midoli na treni. Yakafungwa kwa ukarabati, yakafunguliwa tena Julai 2023 kwa jina la Young V&A, yakiwa na sehemu ya kucheza, ya kufikiri na ya kubuni, na mwaka uliofuata yakapewa tuzo ya makumbusho bora ya mwaka Uingereza. Makabati hayakutupwa. Mtoto anaona kitu cha zamani, kisha hatua chache tu anapata vipande vya kujengea. Mpangilio huo, kuona halafu kushika papo hapo kabla moto haujapoa, ndio ninaokutakia wewe, na hauhitaji pauni.

Kuna jambo la wasichana ambalo nisipolisema litakuponyoka. Mwaka 2001 Kevin Crowley na wenzake walichapisha walichokiona katika makumbusho ya watoto ya San Jose, California. Waliwarekodi wazazi na watoto wao kwenye vifaa vya sayansi vya kuchezea. Wavulana walielezwa na wazazi wao kwa nini kitu kinafanya kazi mara tatu zaidi ya wasichana. Wasichana waliachiwa wacheze tu, bila "unajua kwa nini?" Na wazazi hao hawakukusudia ubaya. Ukifika na gari la waya, utaona miguu yenyewe inavyogawanyika, wavulana mbele, wasichana nyuma wakishika mabegi. Gawa wewe mapema.

Lakini usidhani pia kwamba ufundi uko kwenye waya pekee. Umewahi kumtazama kwa makini msichana anayesuka majani? Anang'oa shungi la nyasi na mizizi yake, anazikung'uta udongo, mizizi inakuwa nywele. Anagawa mafungu sawasawa kwa macho, anaanza twende kilioni, na kila fungu analigawa tatu bila kuhesabu kwa sauti. Mzizi mmoja ukikatika anaazima kutoka fungu la pembeni, na kufikia mwisho mistari yote inalingana. Nimewaona walimu wakipita hapo wakisema "acheni kuchezea uchafu, ingieni darasani mjifunze hesabu."

Haya, safari yenyewe.

Wiki moja kabla, kila mtoto aje na kitu alichotengeneza mwenyewe au na kaka, dada au bibi. Chochote. Gari la kopo, pia ya kuzungusha, tiara, mwanasesere wa gunzi, mpira wa matambara. Hapo usifundishe, uliza tu na uandike. Utashangaa mpira peke yake una habari kiasi gani. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini, tarehe 1 Juni 2019, ule mpira wetu wa karatasi uliofungwa kwa mifuko umepoteza ngozi yake, na naona watoto wamehamia kwenye soksi kuukuu, vipande vya viroba na mpira wa tyubu. Kila mtaa una fomula yake na kila mtaa unasema wa kwao ndio unadunda.

Siku ya safari, punguza. Mwaka jana mliona kila kitu, kwa hiyo hawakuona kitu. Makumbusho ya Taifa simameni sehemu mbili tu. Ya kwanza iwe kwenye magari aliyotumia Mwalimu Nyerere, kwa sababu mtoto aliyetengeneza gari juzi ana maswali kuhusu gari. Waketi chini. Usitaje mwaka wala aina ya gari. Uliza, "Tairi la mbele linageukaje?" kisha unyamaze. Kunyamaza huko ndiko kugumu kuliko yote, nakuonya. Utajisikia huna kazi. Hesabu polepole mpaka ishirini. Kwa kawaida mtoto wa kwanza anajibu upuuzi, wa pili anampinga, na wa tatu analala chini kuchungulia. Akilala chini, umefaulu.

Ya pili ichague wewe kwa kuwajua watoto wako. Fuvu la Zinjanthropus, lile alilolifukua Mary Leakey kule Oldupai mwaka 1959, linavutia wengi, lakini wapo wanaoogopa. Usilazimishe.

Kijiji cha Makumbusho ndiko mahali penu hasa, kwa sababu kuna nafasi, kuna miti, na nyumba za makabila zimejengwa kwa ukubwa wake halisi. Chagua mbili zisizofanana hata kidogo. Ningechukua msonge wa Wahaya, ambao nyasi zake zinashuka kutoka kileleni mpaka karibu na ardhi, paa na ukuta ni kitu kimoja, na tembe ya Kigogo yenye paa bapa la udongo. Swali liwe moja kwa nyumba zote mbili: "Mvua ikinyesha, maji yanakwenda wapi?" Usiwajibu, hata wakikosea. Bukoba mvua ni tele, Dodoma ni ya kubahatisha, lakini acha wabishane kwanza.

Kisha, kabla hata hawajala, nendeni kivulini mkamwage vitu vyenu: vijiti, majani makavu, magunzi, vifuu, vitambaa, kamba za katani, maboksi, ndoo ya udongo na chupa ya maji. Makundi ya watoto watano au sita, kila kundi na mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kuzuia ajali na kufunga mdomo. Waambie wajenge nyumba ambayo ukiimwagia maji aliye ndani halowani. Aliye ndani ni gunzi. Wape saa nzima. Dakika kumi na tano za kwanza ni vurugu na kugombania udongo, na hapo walimu wengi hukata tamaa wakaanza kuelekeza. Vumilia. Nimeona kundi likijenga kuta nne nzuri, likamwaga maji, gunzi likalowa, likakaa kimya, na binti mmoja akanyanyuka akakimbia kurudi kwenye msonge peke yake. Akatazama juu. Akarudi akasema, "Tumetengeneza ukuta. Wao hawana ukuta." Hilo ndilo jibu la kumpelekea mwalimu mkuu anayeuliza kwa nini wasichezee hapohapo shuleni. Shuleni hakuna msonge wa kukimbilia.

Omba ruhusa mapema, kwa barua na kwa simu. Sema wazi kwamba mtatumia udongo na maji, mtafagia, na mtaondoka na takataka zenu. Uliza pia kama kuna kitu watakachoruhusiwa kushika, kinu, kibao cha mbuzi, ngoma, chochote ambacho hakitaharibika. Mara nyingi wahusika wanakuwa navyo ila hawajaombwa. Na kama kuna bao, waombe walitoe. Bao letu lina mashimo 32 na kete 64, na kwa watoto wa miaka mitano kanuni zake ni ndefu mno. Usiwafundishe kanuni. Wape komwe, waone wenyewe mashimo yanataka nini. Wataunda mchezo wa ajabu usio na mshindi. Mzee yeyote wa kijiweni akipita hapo ataumia moyo, mwombe radhi kwa niaba yangu.

Kuhusu shilingi 150,000. Usizipeleke kwenye maduka ya midoli. Fundi seremala ana vipande vya mbao anavyovichoma, vichukue, nunua msasa, walaini wenyewe kwa mkono. Vipande vya mbao vitupu visikufedheheshe. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyeliita darasa la watoto wadogo "bustani ya watoto" mwaka 1840, alijenga sehemu kubwa ya mfumo wake juu ya mpira, tufe na vipande vya mbao. Mama yake Frank Lloyd Wright aliviona vipande hivyo kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia mwaka 1876, akamnunulia mwanawe. Mtoto akawa msanifu majengo aliyetikisa karne, na uzeeni aliandika kwamba mbao zile zilibaki vidoleni mwake. Jina hilo mtajie mwalimu mkuu, walimu wakuu wanapenda majina.

Vitambaa kwa fundi cherehani, bure. Maboksi duka la jumla, bure au jero. Katani nyinyi watu wa Morogoro mmezungukwa nayo, na hakuna nywele za mwanasesere zinazoipita. Fedha itakayobaki mlipe mtu. Tafuta kijana anayejua gari la waya na bibi anayejua kutengeneza mwanasesere, wape nauli na posho, waje darasani asubuhi moja. Wafanye kazi yao mbele ya watoto kama vile hakuna anayewatazama, wasiseme "sasa fuateni ninavyofanya." Unakumbuka lile bomba.

Na usitoe vitu vyote kwa pamoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, mwaka 2018 waliwaweka watoto 36 wadogo kuliko wako, mmoja mmoja, kwenye chumba chenye vichezeo 4, na siku nyingine chenye vichezeo 16. Penye vinne mtoto alikaa na kitu kimoja muda mrefu zaidi na akakitumia kwa namna nyingi zaidi. Penye kumi na sita aliruka ruka. Kwa hiyo gunia libaki limefungwa, toa aina nne, zikichoka badilisha.

Usalama, kwa kifupi: ncha za waya zikunjwe kwa koleo zirudi ndani, kingo za makopo zigongwe zilale, na gololi na komwe zisifike mikononi mwa mdogo wa mtu wa chini ya miaka mitatu, maana zitaishia mdomoni.

Mkisharudi, usiwaulize tena wameona nini. Swali hilo linadai kumbukumbu ya maneno, na maneno yao bado machache. Waambie kila mmoja atengeneze kitu kimoja alichokiona, na kimoja ambacho hakikuwepo kule lakini kingefaa kuwepo. Usitoe maksi za uzuri. Andika tu nani alijaribu njia ngapi kabla ya kuridhika, nani alivunja akaanza upya, nani aliazima wazo la mwenzake akaligeuza. Fanya hivyo kabla ya safari na wiki mbili baadaye, uweke kurasa zote mbili mezani kwa mwalimu mkuu, aamue mwenyewe kama basi lilirudisha kitu.

Ukitaka kuvionyesha kwa wazazi, panga meza uani, pasiwe na kioo. Vibao vya maelezo wavitunge watoto, wewe uwe karani tu, uandike kama wanavyotamka bila kusahihisha. Mimi ninacho kimoja nilichokihifadhi kutoka siku kama hiyo, kilikaa mbele ya gari la kopo lenye matairi matatu: "Hili ni lori. Linapeleka nyanya Kariakoo. Breki bado."